Mwendo wa Mtu Anayetaka Kuitwa

Aliyenifundisha kuondoka dukani alikuwa mkutubi. Nilikuwa mtu mzima wakati huo, nina mke na fremu yangu ya kazi Kariakoo, na nilidhani najua kununua. Kumbe nilichojua ni kulipa bei niliyotajiwa au kuondoka kwa hasira.

Siku hiyo tulikuwa tunatafuta kitambaa cha majalada. Mimi ni mjalidi wa vitabu. Siku hizi wateja wanasema "nibaindie hii", nami naitika. Yeye alikuwa mkutubi wa chuo kimoja cha afya, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Majarida ya kitaalamu yalikuwa yanamfikia toleo moja moja, membamba kama daftari la shule. Mwaka ukiisha nilikuwa nayachukua yote, nayashona pamoja, nayavika jalada gumu na kuandika mwaka wake mgongoni. Hapo yanakuwa kitabu kinachoweza kusimama kwenye rafu. Kitambaa cha jalada alitaka kukichagua mwenyewe kila mara, kwa sababu hakuwa na imani na macho yangu kwenye rangi.

"Hiki mita bei gani, kaka?" alimuuliza muuzaji.

Muuzaji akataja bei.

"Hiyo bei ya nani?"

"Ya kwako, mama. Wengine nao wana bei zao."

"Umewauzia ngapi hao wengine?"

"Aa, mama! Hayo ni ya mimi na wao."

Mkutubi akacheka. Akakunja ncha ya kitambaa, akakirudisha mezani taratibu kama anayemlaza mtoto, akasema, "Haya kaka, Mungu akupe riziki," akatoka nje. Nikamfuata.

"Usigeuke," akaniambia, naye hageuki. "Na usikimbie. Ukikimbia anajua umekasirika, na mtu aliyekasirika haitwi. Ukijikokota anajua unamngoja. Tembea kama mtu anayeliona duka la pili."

Nikajaribu. Miguu yangu ikawa kama si yangu. Hatukufika mbali.

"Mama! Mama wa mtandio wa bluu! Mbona una haraka hivyo? Njoo basi tuongee!"

Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Umesikia? Ameita."

Mkutubi alifariki mwaka huu, kabla mvua hazijaanza. Shule yangu iliishia darasa la saba, na yeye ndiye aliyekuwa ananisahihishia hata maneno ya kwenye risiti, kwa hiyo humu yatakuwemo makosa ambayo angeyazungushia duara kwa penseli. Penseli, si kalamu. Alikuwa anasema kosa la mtu lisiandikwe kwa wino.

Watu waliomfahamu pale chuoni watasema alikuwa mkali, nami sitawakatalia. Mwanafunzi akivuta kiti kwa kelele, alikuwa anainuka, anakwenda kukiinua kile kiti kwa mikono miwili na kukiweka chini mbele ya macho yake, bila neno. Akikuta wawili wananong'ona alikuwa anasema, "Hapa si kituo cha basi." Lakini kicheko chake mwenyewe kilikuwa kinasikika mpaka uani. Mtu akimchekesha, maktaba nzima ilikuwa inainua vichwa, naye alikuwa anawatazama kwa hasira kana kwamba wao ndio waliocheka.

Chakula kilikuwa marufuku ndani. Kibao kilikuwa mlangoni, yeye ndiye aliyekiandika. Na kwenye droo yake hakikukosekana kipande cha kashata kwenye karatasi. Alikuwa anaila nyuma ya kabati, akitafuna polepole ili isisikike. Nilimfuma siku moja, shavu limejaa. Hakuwa na la kusema, na hakuweza kusema. Akanyoosha mkono, akanipa nusu. Tukatafuna wote tukitazamana, na baada ya hapo hatukulizungumza tena jambo hilo.

Alitoka kwenye nyumba ya wafanyabiashara. Kaka yake alikuwa na duka la mapazia Kariakoo, nao wote waliishi ghorofani juu ya duka lile, nyumba ya zamani ambayo sasa imebanwa na maghorofa marefu pande zote. Ndugu zake hawakuelewa kwa nini mtu aliyejua bei hivyo akae kwenye nyumba ya vitabu visivyouzwa. "Dada yetu anauza hewa," kaka yake alikuwa anasema, kwa utani, na yeye alikuwa anamjibu, "Hewa ndiyo unayovuta, jaribu kuishi kwa mapazia."

Katika majarida yote alikuwa na moja alilolipenda kuliko mengine, la magonjwa ya watoto. Sisi wawili tulikuwa tunaliita jarida la watoto. Lilikuwapo rafuni tangu chuo kilipoanza, mwaka kwa mwaka, bila pengo. Mimi sikuweza kulisoma, Kiingereza chake ni kigumu na picha zake zinatisha, lakini nilikuwa naujua uzito wake mkononi. Yeye aliniambia walimu wa pale, wengi wao madaktari wanaotibu asubuhi na kufundisha mchana, walikuwa wanaliendea hilo kwanza mtoto akiwashinda.

Mara nyingine toleo lilipotea njiani. Mjalidi mwingine angeshona yaliyopo na kunyamaza. Yeye alikuwa ananiambia, "Liachie nafasi yake." Basi nilikuwa natia karatasi nyeupe, unene uleule, mahali toleo lilipotakiwa kuwa.

"Litakuja kweli?" niliwahi kumuuliza.

"Sijui. Likija likute pa kukaa."

Moja lilikuja. Mwaka wake ulishapita zamani na kitabu chake kilikuwa rafuni kimeanza kufifia rangi. Mkutubi alivuka Mnazi Mmoja kwa miguu na jua la saa saba, kitabu kwapani, toleo mkononi, akaingia kwangu anahema. Sikuwahi kumwona mtu akifurahia hivyo kitu kilichochelewa. Nilifungua mgongo, nikatoa karatasi nyeupe, nikaingiza lile toleo, yeye amesimama juu ya kichwa changu akisema, "Taratibu, fundi, taratibu," kana kwamba nashona jeraha.

Sasa niseme habari ya bei, maana maisha yake ya kazi yote yalikuwa humo.

Kwa muda mrefu nilidhani jarida linauzwa kama gazeti. Alinieleza kwamba sivyo. Maktaba inalipa ada ya mwaka, na inalipa kwa fedha ya kigeni, na ada yenyewe inapanda kila mwaka hata kama jarida halikuongezeka ukurasa. Bajeti ya maktaba ilikuwa haipandi. Mkuu wa chuo aliwahi kumwambia kwenye kikao kwamba kwa ada ya jarida la watoto peke yake angepaka rangi majengo yote. Akajibu, "Pakeni rangi, mgonjwa akija mwonyesheni ukuta." Kikao kilikasirika. Yeye mwenyewe alijuta baadaye, akaniambia mdomo wake una duka lake mwenyewe na haufungi kwa wakati.

Kila mwaka ilibidi akate. Alikuwa anapita kwa walimu mmoja mmoja kuuliza lipi waliachie, na kila mmoja alikuwa anataja la mwenzake. Siku za kukata hakuwa anakula kashata. Nilikuwa najua kwa kuitazama droo.

Halafu yakaja majarida ya kwenye kompyuta. Alikuja mwenyewe kunipa habari, hakutuma mtu.

"Fundi, mwakani hayaji."

"Yamekoma?"

"Yatakuja kwenye kompyuta. Tunalipa, wanatupa neno la siri, tunayasoma humo."

"Na yakishakuwa humo yanashonwaje?"

"Hayashonwi."

Nilikuwa nimeweka kazi yake kwenye hesabu zangu za mwaka, kwa hiyo iliniuma, nasema kweli. Aliiona. Tangu siku ile alikuwa anaokota kila kitabu kilichochanika chuoni na kuniletea, hata vile ambavyo nadhani alivichana mwenyewe kidogo.

Hayo ya kompyuta yalikuwa hayauzwi moja moja. Yalikuwa yanauzwa kwa kifurushi. Ukitaka jarida la watoto uchukue na mengine mengi ambayo hakuna mtu pale chuoni aliyeyauliza, ya uhandisi wa meli, ya misitu ya nchi za baridi. Mhasibu wa chuo aligoma kusaini. Alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye kuogopa ukaguzi. Akasema hawezi kulipia meli kwenye chuo cha afya.

Mkutubi hakubishana naye. Jumamosi moja akampeleka Mchikichini, kwenye mitumba, akaniambia nami nije kushuhudia. Tukasimama mbele ya mfanyabiashara aliyekuwa anafungua robota, lile furushi kubwa la nguo linalouzwa likiwa limefungwa. Kamba zikakatwa. Juu palikuwa na mashati mazuri. Chini yake yakaanza kutoka makoti mazito ya theluji, moja baada ya jingine, na soksi ndefu za sufu.

"Bosi," mkutubi akamuuliza yule mfanyabiashara, "haya makoti uliyataka?"

"Nani ayatake, mama, kwa joto hili? Nilitaka mashati."

"Kwa nini usingenunua mashati tu?"

"Hawakuuzii mashati tu! Unabeba robota au unaacha."

Mkutubi akamgeukia mhasibu. "Umeelewa?"

Mhasibu alielewa. Mwaka ule alisaini. Pia alinunua koti moja kati ya yale, la kijani, sijui kwa nini, na siku za mvua alikuwa analivaa ofisini, mkutubi akimwona anamwita Robota mbele ya watu.

Jambo lililomkera zaidi ya bei lilikuwa siri ya bei. Mkataba ulikataza chuo kimoja kukiambia kingine kinalipa ngapi. Aliniambia aliwahi kukutana na wakutubi wa vyuo vingine msibani, wakakaa mkeka mmoja, kila mmoja anajua mwenzake ananunua robota lilelile, na hakuna aliyefungua mdomo. "Hata Kariakoo tunaficha bei," alisema, "lakini hatusainishani."

Nafika sasa kwenye siku yenyewe. Nilikuwapo, nimekuja kuchukua kamusi iliyovunjika mgongo.

Ada ya kifurushi ilikuwa imepanda tena, na bajeti ya maktaba safari hiyo ilikuwa imepunguzwa. Wakala wa wachapishaji alikuwa anapita mjini, akaja. Kijana nadhifu, mpole, suti yake haina mkunjo. Mkutubi akamkaribisha ofisini, akampa chai. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa kwenye benchi la nje.

"Bei hii ni ya nani?" nikamsikia anauliza.

"Ni ya chuo chenu, mama."

"Na wengine?"

"Siruhusiwi kusema."

"Tupunguzie. Tutoe meli, tutoe misitu. Tunataka watoto tu."

"Mama, ningependa. Lakini bei ndiyo hiyo."

Kisha nikamsikia mkutubi anainua kiti chake na kukiweka chini taratibu, kama alivyowafundisha wanafunzi. "Haya baba," alisema, "Mungu akupe riziki."

Akatoka. Akatoka kwenye ofisi yake mwenyewe, mkoba begani, akamwacha mgeni ndani na chai yake. Akanipita bila kunitazama, akakata katikati ya meza za kusomea, akatoka mlango mkubwa. Niliujua mwendo ule. Haukuwa wa haraka, haukuwa wa kujikokota. Nikabeba kamusi yangu nikamfuata. Tukapita uani, tukapita getini, tukaingia viwanja vya Mnazi Mmoja ambako watu walikuwa wanapita na shughuli zao, na hakuna aliyejua tunafanya nini.

"Ametoka nje?" akaniuliza midomo haifunguki.

Nikageuka kidogo. "Bado."

"Usigeuke."

Tukaenda. Tulivuka viwanja vyote. Tulipofika upande wa pili alisimama, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Alitafuta muda mrefu. Mwisho tukarudi. Ofisini tulikuta kikombe kimeoshwa na kuinamishwa kwenye kisahani chake, na kadi ya jina la yule kijana mezani. Alikuwa amelelewa vizuri.

"Ataandika," mkutubi alisema. "Akifika kwao atafikiri, ataandika."

Mwaka mpya ulipoanza, neno la siri likakataa. Lilikataa mwaka ule mpya, kwa kuwa ada haikulipwa, na hilo alilitegemea. Lakini lilikataa pia miaka yote ya nyuma iliyolipiwa kwenye kompyuta. Hilo hakulitegemea. Kwake yeye, mtoto wa duka, kitambaa ukishalipia na kukatiwa ni chako, hata ukigombana na muuzaji kesho yake. Kumbe hatukuwa tumekatiwa kitambaa. Tulikuwa tumelipia kukitazama. Lililobaki rafuni ni lile la karatasi, miaka niliyoishona kwa mkono, na baada ya hapo hakuna.

Katika majuma yaleyale daktari mmoja anayefundisha pale alikuja kuuliza makala moja kwenye jarida la watoto. Ilikuwa ya miaka iliyofungwa. Alikuwa na mtoto wodini aliyemshinda. Mkutubi alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba jarida lile hana. Alimwambia. Kisha alishinda kwenye simu akiwatafuta waliowahi kusoma pale, na mmoja aliyekuwa nje ya nchi akaituma, siku kadhaa baadaye. Daktari alishukuru. Ningependa kuandika kwamba mtoto alipona. Sijui. Nadhani mkutubi aliuliza akajua, na hakuniambia, nami sikumuuliza.

Tangu hapo alikuwa ananirudia na swali moja, mara akiwa kwangu, mara tukiwa njiani.

"Fundi, nilitembea vizuri?"

"Ulitembea vizuri."

"Basi mbona hakuita?"

Jibu alilipata mwenyewe, akaniambia siku moja akikagua gundi yangu. "Mwendo ule unataka duka la pili," alisema. "Yule wa kitambaa aliita kwa sababu jirani yake anauza kitambaa hichohicho. Jarida la watoto liko pahali pamoja tu duniani. Nilitembea kama mtu anayeliona duka la pili, na yule kijana alijua halipo." Akafunga kopo la gundi. "Lakini ningebaki, ningelipa kwa fedha gani?"

Alijua hivyo, na bado alikuwa anangoja. Hapo ndipo sikumwelewa kamwe, au labda ndipo nilipomwelewa. Chuoni walitaka kuondoa sehemu tupu ya rafu ile, waweke meza. Akaja kwangu akaagiza majalada matupu. Majalada kamili, kadibodi na kitambaa kilekile cha bluu, mwaka mgongoni, ndani hakuna kitu. Moja kwa kila mwaka uliofungwa. Kila mwaka mpya nilikuwa nampelekea jingine.

"Utawaambia nini wakifungua?" nilimuuliza.

"Watakaofungua watajua nini kinakosekana. Rafu ikizibwa pengo, mwakani kwenye bajeti watasema hatukuwahi kuwa nalo."

Kwa hilo alikuwa na haki, maana kila kikao cha bajeti alikuwa anawapeleka rafuni, mkuu wa chuo na mhasibu na koti lake, anawapa kila mmoja jalada tupu mkononi awe nalo wakati yeye anaomba fedha. Wengine waliona ni dharau. Mimi nilipenda kuyatengeneza yale majalada kuliko kazi nyingine yoyote, na yalikuwa yananihuzunisha mikononi. Jalada lisilo na karatasi ni jepesi mno. Halisimami peke yake, ilibidi yaegemeane.

Alistaafu yakiwa bado matupu. Akarudi ghorofani juu ya duka la kaka yake, na magoti yakaanza kumkatalia ngazi, mwishowe hakushuka tena. Nilikuwa nakwenda kumwona siku ambazo kazi ni chache, na siku hizi kazi ni chache mara nyingi.

Mara ya mwisho ya kukaa naye vizuri nilikuwa na habari. Mkutubi mpya, kijana mwenye adabu, alinipigia simu akaniambia jarida la watoto limefunguka. Wachapishaji walikuwa wameamua kwamba vyuo vya nchi kama yetu vilisome bila ada. Miaka yote, ya sasa na ile iliyokuwa imefungwa. Nilipanda zile ngazi mbili mbili kwa umri wangu huu.

"Shikamoo, Bi Mkutubi."

"Marahaba, fundi. Unahema nini, unafukuzwa?"

Alikuwa kwenye kochi karibu na dirisha, mtandio wa bluu umeshapauka, miguu juu ya mto. Kutoka chini zilikuwa zinapanda sauti za wauzaji na vipaza sauti vyao vinavyorudia bei ileile mchana kutwa. Nilivua viatu nikakaa, nikampa habari yote kama nilivyopewa.

Alisikiliza macho yamefumbwa. Kisha akayafumbua.

"Waliita?"

Nilijua anauliza nini. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Nani angejua? Ningesema yule kijana wa suti amekuwa mkubwa huko kwao, amekumbuka chuo, ameandika barua kukuulizia. Ningeweza hata kuitunga ile barua. Lakini yeye ndiye aliyeniambia nisimshonee mtu kitabu chenye pengo nikanyamaza.

"Hapana," nikasema. "Hawakuita. Wamefungulia vyuo vingi kwa pamoja. Hakuna aliyekitaja chetu."

"Wala mimi."

"Wala wewe."

Akatazama dirishani. "Na miaka ya nyuma yote imo?"

"Yote. Kijana aliyekurithi ameifungua mbele ya walimu, mmoja mmoja. Hakuna pengo."

"Hakuna pengo," akarudia. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, na uso wake haukuwa wa mtu anayelia. Baada ya muda akasema, "Bei walikuwa nayo hiyo siku zote, fundi. Ya bure. Walikuwa nayo mfukoni."

Nikamsogezea mto vizuri chini ya miguu.

"Yale matupu yatoe," alisema. "Wasije wakaona kama bado tunangoja."

Nikamwambia nitayatoa. Nimeyatoa; yako kwangu juu ya kabati, yanaegemeana. Tukazungumza mengine, magoti yake, mhasibu ambaye naye amestaafu, kashata siku hizi kuwa na sukari kuliko nazi. Nilipomwona amechoka nikaaga. Alinipa mkono, mwepesi kama yale majalada, nikavaa viatu nikashuka.

Mtaani palikuwa pamejaa. Nikapenya kati ya meza za vyombo na vijana waliobeba mizigo kichwani, nakwenda zangu, kichwa kizito. Nilikuwa nimeshafika karibu na kona niliposikia sauti nyuma yangu. Kwanza ya kaka yake mlangoni pa duka la mapazia, kisha muuza mikanda akaidaka, akampa muuza vikombe, ikawa inanifuata mtaa mzima kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine.

"Fundi! Mwiteni huyo fundi!"

"Mzee! Mzee wa shati la kijivu!"

"Baba, wewe, unaitwa huko nyuma! Rudi, unaitwa!"

Nilirudi mbio nikigonga watu, nikapanda ngazi nikidhani amezidiwa. Alikuwa palepale kwenye kochi, dirisha liko wazi, ameegemea kizingiti chake kunitazama ninavyokuja. Alikuwa anacheka kile kicheko chake, ingawa sasa kilikuwa hakifiki mbali.

"Kuna nini, Bi Mkutubi? Umesahau nini?"

"Hakuna kitu," akasema. "Nilitaka tu mmoja wetu aitwe."

Nikavua viatu, nikakaa tena.